Kutoka Dodoma kwenda kutembea pwani ya miamba (Otter Trail): tuanze na mwezi, kilomita baadaye

MtuWaItale (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye vikundi vyetu vya kupanda milima hapa Dodoma swali hili linarudi kila mara: mtu aliyezoea Mlima Simba na vilima vya Kondoa ajiandaeje kwa njia ya pwani yenye miamba na mawimbi makubwa? Nimeona tulifungulie uzi wake ili majibu yakae sehemu moja. Nitachukua Otter Trail ya Afrika Kusini kama mfano, maana ndiyo inayotajwa zaidi, na ukiielewa hiyo pwani nyingine nyingi za mawe hazitakusumbua.

Njia hii iko Tsitsikamma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Garden Route. Ilifunguliwa mwaka 1968, na jina lake linatokana na fisimaji wanaoishi kwenye mito ya huko. Unaanzia Storms River Mouth, unaelekea magharibi hadi Nature's Valley, kwa hiyo bahari iko kushoto kwako safari nzima. Ni kama kilomita 45, siku tano, usiku nne. Kila siku wanaruhusiwa kuanza watu 12 tu, kwa sababu kila kituo kina vibanda viwili vya mbao vyenye vitanda sita sita.

Mgawanyo wa siku ni takriban hivi. Siku ya kwanza kilomita 4.8, ya pili 7.9, ya tatu 7.7, ya nne 13.8, na ya tano ni kipande cha mwisho cha kutokea Nature's Valley. Mtu wa Dodoma akisoma namba hizo anaona safari ya kitoto, na kosa linaanzia hapo. Njia haiendi sambamba na maji. Inashuka hadi kwenye mawe, inapanda hadi kwenye bega la mlima juu ya msitu, inashuka tena kwenye mlango wa mto, inapanda tena, na mwendo huo unarudiwa kutwa nzima. Ukiwa na mzigo, panga kilomita 2 kwa saa. Kwenye vipande vya kuruka jiwe hadi jiwe utapata pungufu ya hapo.

Jambo la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike: siku ya nne unavuka mlango wa mto Bloukrans. Hakuna daraja. Unavuka pale mto unapokutana na bahari, na unavuka maji ya bahari yakiwa yamekupwa, yaani yameshuka. Mto huo uko kama kilomita 10 kutoka ulikolala. Kwa hiyo safari nzima inapangwa kwa saa ya maji ya siku ile moja. Watu wa bara tumezoea kupanga safari kwa likizo na kwa mshahara. Hii inapangwa kwa mwezi wa angani.

Waliobobea kwenye mambo ya maji karibuni mwongeze.

---

MajiMafu

Mkuu umeanza pazuri. Niingie kwenye hesabu, maana watu wanasikia "kupwa na kujaa" halafu wanaishia hapo.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama tunapata bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu: yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa kitu ambacho watu wa bara hawajui: maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kupwa na kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa linashuka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yakianza kujaa ni vilevile.

Tsitsikamma siku za bamvua kimo hicho ni kama mita 2 hivi. Tuchukue 1.8 kwa urahisi wa hesabu. Fungu moja ni sentimita 15. Maana yake, saa moja kabla ya kupwa kabisa na saa moja baada yake maji yako ndani ya sentimita 15 tu za kiwango cha chini. Hapo una dirisha la saa mbili la kuvuka. Ukichelewa hadi saa ya pili baada ya kupwa, yameshaongezeka sentimita 45. Saa ya tatu ikiisha ni sentimita 90, na hayo ni ya kiunoni hata kama ulikuta pakavu. Aliyefika saa moja nje ya dirisha na aliyefika saa tatu nje ya dirisha hawana shida moja.

---

KijanaWaMiyuji

Wakuu naomba kueleweshwa. Kwa hiyo tuchague siku ya bamvua lenyewe, si ndiyo? Maana ndipo maji yanaposhuka zaidi.

---

MajiMafu

Hapana kijana wangu, na hili ndilo linalowakwamisha wengi waliokwisha kusoma kidogo.

Pwani ile, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kutoka kibandani hadi mtoni ni kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa ni saa tano, ongeza saa moja ya kupumzika na kula, jumla saa sita. Unatakiwa mtoni saa tatu asubuhi, dirisha linapofunguka. Rudisha nyuma saa sita: unaondoka saa tisa usiku. Unatembea gizani saa kadhaa, juu ya mawe yenye umande, na taa ya kichwani. Watu wanafanya, lakini ni kujitafutia ajali.

Sasa sogeza siku tatu baada ya mwezi mpevu. Saa za maji zimeshasogea, kupwa kunakuwa kama saa sita mchana na robo. Bamvua bado lina nguvu, maana kilele chake huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Unatakiwa mtoni saa tano na robo, unaondoka kibandani saa kumi na moja na robo alfajiri. Unavuka mchana kweupe, zinabaki kama kilomita 4, saa tisa uko kwenye kibanda cha mwisho unakausha soksi.

Siku saba baada ya mwezi mpevu ndiyo mbaya kuliko zote. Ni maji mafu, hayashuki vya kutosha, na kupwa kwenyewe kunaangukia kama saa kumi jioni. Ukimaliza kuvuka, jua linazama na bado una saa mbili za mawe.

Kwa kuwa mto uko siku ya nne, hesabu inakuwa rahisi sana: anza kutembea siku ya mwezi mpevu au siku mwezi unapoandama. Siku ya nne itaangukia siku tatu baadaye bila wewe kupiga hesabu nyingine. Ukianza na mwezi mpevu unapata na mwanga wa jioni kibandani kama nyongeza.

---

MtuWaItale

Na hili lina tatizo lake la kiutendaji. Nafasi za njia hii zinakwisha miezi mingi kabla, watu huweka nafasi karibu mwaka mzima mbele kupitia mamlaka ya hifadhi za taifa za huko, SANParks. Kwa hiyo kabla hujagusa ukurasa wa kuweka nafasi, kaa na kalenda ya mwezi ya mwaka ujao. Andika tarehe zote za mwezi mpevu na mwandamo. Ruhusu siku moja kabla na siku moja baada. Hizo ndizo tarehe zako za kuanza, kama 70 hivi kwa mwaka mzima. Ndani ya hizo ndipo utafute likizo. Kikundi kikianza na likizo halafu kikatafuta mwezi, kinaishia kuvuka kwa kuogelea.

Karibu na safari tafuta jedwali kamili la maji la wanamaji wa Afrika Kusini. Bandari za kuangalia ni Knysna na Gqeberha, iliyokuwa ikiitwa Port Elizabeth. Njia iko katikati yake.

---

BintiKolo

Kuna mtego wa saa ambao haujatajwa. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja. Jedwali linasoma saa za kule. Simu hubadilika yenyewe ikipata mtandao, lakini saa ya mkononi haibadiliki, na kule mabondeni mtandao unapotea. Ongeza na desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia asubuhi: jedwali litaandika 12:15, mmoja kwenye kikundi atasikia saa sita na robo mchana, mwingine ataichukua kama saa kumi na mbili na robo. Kikundi kimoja, saa mbili tofauti.

Dawa yake ni karatasi moja. Andika saa ya kupwa ya kila siku kwa namna zote mbili, pembeni weka saa ya kuondoka kibandani. Ifunge kwenye nailoni. Kila mtu awe nayo mfukoni, si kiongozi peke yake.

---

Ng'amboYaSingidani

Tuje kwenye miguu sasa. Mtu wa kanda ya kati ana faida moja na hasara moja, na zote zinatoka kwenye jiwe letu.

Faida: tumekulia kwenye itale (graniti). Ukienda Singida mjini, ufukwe wa ziwa Singidani umejaa mawe makubwa ya mviringo yaliyopangana, mengine makubwa kuliko nyumba. Kuruka pale jiwe hadi jiwe ukiwa na begi mgongoni ni mazoezi halisi ya pwani. Ni kama kilomita 240 kutoka Dodoma, wikiendi moja inatosha.

Hasara: itale kavu inashika kama msasa. Kiatu chochote chenye soli ya mpira kinasimama kwenye mteremko mkali, na mwili unajifunza kuliamini jiwe. Pwani ile jiwe lake si itale, ni mwamba mgumu wa mchanga uliobanwa hadi ukawa kama kioo, matabaka yake yameinama. Likilowa, imani ya itale inakuvunja mkono.

Kwa hiyo jifunze kusoma rangi. Ukisimama mbele ya mwamba wa bahari, utazame kutoka juu kwenda chini kama unavyosoma ukurasa. Juu kabisa ni kijivu kikavu, chenye magamba ya rangi ya chungwa yaliyoganda kwenye jiwe. Bahari haifiki hapo siku za kawaida, weka begi hapo, kaa hapo. Chini yake kuna mkanda mweusi kama umepakwa lami. Ule si rangi ya jiwe, ni viumbe wadogo wanaoota kama utando. Ukiwa mkavu unakanyagika. Ukilowa hata kwa manyunyu tu, ni ute wa bamia. Chini zaidi kuna vijigamba vyeupe vigumu vilivyobanana. Hivyo vinashika mguu vizuri lakini vinakwangua ngozi hadi mfupa ukianguka navyo. Mwisho kabisa ni mwani wa kijani na wa kahawia. Huko usikanyage kama huna sababu.

Kanuni: jiwe jeusi linalong'aa, lizunguke, hata kama unaongeza mita 30.

---

KijanaWaMiyuji

Asante kaka, hili la rangi sijawahi kulisikia. Vipi viatu, buti la juu au raba?

---

Ng'amboYaSingidani

Angalia soli kwanza, urefu wa kiatu uje baadaye. Bonyeza soli kwa ukucha: ikibonyea kidogo, mpira wake ni laini, utashika jiwe lililolowa. Ikiwa ngumu kama buti za ujenzi za mtaani, acha. Buti la juu linalinda kifundo, lakini likijaa maji linakuwa zito na halikauki usiku mmoja. Raba imara ya njia za milimani, yenye soli laini, inatosha kwa mtu mwenye vifundo vizuri.

Vyovyote vile, kiatu kiwe kimetembea angalau kilomita 60 kabla ya safari, na nusu ya hizo ukiwa na mzigo. Malengelenge mengi yanatokana na kiatu kipya kilicholowa. Ngozi ikiloa inalainika, soksi inaisugua, siku ya pili imechubuka.

---

BintiKolo

Mazoezi yenyewe, kwa wanaotaka ratiba. Wiki kumi zinatosha kwa mtu anayetembea tayari.

Wiki ya 1 hadi 3, begi la kilo 5, mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu. Panda kilima chochote chenye mawe, Mlima Simba unafaa kwa walioko mjini. Wiki ya 4 hadi 6, kilo 8, ongeza siku moja ndefu ya saa nne. Wiki ya 7 hadi 9, kilo 12 hadi 14, siku mbili ndefu zinazofuatana, Jumamosi na Jumapili. Hii ya siku mbili mfululizo ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana mwili unajifunza kuamka umechoka na kutembea. Wiki ya 10 pumzika, tembea bila mzigo. Tumia chupa za maji kama uzito: ukifika juu goti likaanza kuuma, unamwaga na kushuka mwepesi.

Wengi wanafanya mazoezi ya kupanda na kusahau kushuka. Goti linaumia kwenye kushuka. Shuka kwa hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, kisigino kisitangulie kwenye jiwe. Weka unyayo mzima. Na usiruke chini na mzigo hata kama ni nusu mita. Kaa, teremsha mguu mmoja.

Wanaotaka kupanda kwa mwinuko mkali na mfupi waje Kolo, kama kilomita 180 kutoka Dodoma kwa barabara ya Babati. Njia ya kupanda kwenye michoro ya Mungumi ni ya mawe na ya kusimama. Pitia kwanza ofisi ya wasimamizi wa michoro pale Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Na tafadhali sana, ile ni michoro ya kale, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji yanaimaliza. Jasho la kiganja pia.

---

MuuguziBara

Niongeze ya kiafya.

Baridi. Sisi tunajua baridi ya Julai ya Dodoma, ambayo ni kavu na ya upepo. Pwani ya Tsitsikamma mvua inanyesha mwaka mzima, na baridi yake ni ya kulowa. Bahari nayo inadanganya: wakati wa kiangazi chao, Desemba hadi Februari, upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa unasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina yanapanda juu. Jua kali, maji ya barafu. Ukivuka mto huo kifuani kwa dakika kumi, vidole vinakufa ganzi na huwezi kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo nguo ya kubadilisha iwe juu kabisa ya begi, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Shati la pamba na jinzi viache nyumbani. Pamba ikilowa inashikilia maji na kunyonya joto la mwili.

Maji ya kunywa. Vibandani kuna matangi, njiani kuna vijito. Maji ya vijito yana rangi ya chai ya rangi. Msishtuke, ni majani ya msituni. Lakini rangi hiyo ina maana kwa dawa: klorini ya vidonge inaliwa na mabaki ya majani kabla haijafika kwa vijidudu. Chuja kwa kitambaa kwanza, kisha subiri muda mrefu kuliko unaoandikwa kwenye pakiti, au chemsha kabisa. Beba lita 2 kila asubuhi, siku ya nne lita 3.

Michubuko ya miamba ya bahari hupata uchafu haraka. Osha kwa maji safi ya kunywa, si ya bahari, toa kila kijipande cha gamba kwa kibanio, paka dawa, funga. Mkiwa 12, vifaa vya huduma ya kwanza viwe viwili na vitembee na watu wawili tofauti, wa mbele na wa nyuma.

---

MtuWaItale

Turudi mtoni, maana tumeuzunguka bila kuuvuka.

Mkifika Bloukrans, la kwanza ni kutua mizigo na kukaa. Dakika 15 kamili, mmetazama bahari. Mawimbi huja kwa makundi: madogo mengi, halafu makubwa matatu au manne, halafu utulivu. Anayetazama dakika mbili anaona utulivu na kudhani ndiyo hali. Hesabu muda kati ya kundi kubwa moja na jingine, kisha ndipo utajua una muda gani wa kukatiza pale wimbi linapofika.

Wakati mnasubiri, kila mtu afunge begi lake ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki nzito. Acha hewa kidogo ndani, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba, kisha uingize kwenye mfuko wa pili mdomo ukielekea upande wa pili. Begi la kilo 13 lililofungwa hivyo linaelea kama boya. Mifuko hii lazima ijaribiwe nyumbani kwenye pipa la maji. Tundu la msumari halionekani hadi liwe limelowesha mkate.

Kama maji ni ya magotini, vukeni mmevaa viatu, begi mgongoni, mkanda wa kiunoni umefunguliwa na mikanda ya mabega imelegezwa. Ukianguka unalivua kwa sekunde moja. Kama ni ya kifuani, begi linaelea mbele yako, hulivai.

Elekeza uso juu mtoni, tembea kwa ubavu, fimbo upande wa maji yanakotoka. Aliye na nguvu atangulie na mwingine mwenye nguvu afunge msafara.

---

KijanaWaMiyuji

Na kamba? Kuna waliosema beba kamba ya mita 30, mtu wa kwanza ajifunge kiunoni avuke nayo.

---

MajiMafu

Kubeba sawa. Kujifunga kiunoni HAPANA. Mtu aliyefungwa kamba akisombwa, kamba ikakaza, mkondo unamsukuma chini ya maji badala ya kumpeleka. Wenzake wakivuta kwa nguvu ndiyo wanamzamisha zaidi. Kamba ni ya mizigo. Wa kwanza anavuka ameishika mkononi tu, tayari kuiachia, kisha mabegi yanavutwa moja moja.

Ukisombwa, usipigane na mto. Geuka mgongo, miguu mbele, elea, kata kwa ubavu kuelekea fungu la mchanga.

Na kuna siku ambayo jibu ni kutovuka. Mvua ikinyesha sana milimani usiku, mto unakuja na nguvu yake juu ya ile ya bahari, na hata kupwa hakusaidii. Dalili ni povu zito, magogo yanayoelea, na maji kuwa na tope badala ya ile rangi ya chai. Njia ina mapito ya dharura yaliyowekwa alama ya herufi E, yanayopanda juu hadi barabarani. Yasome kwenye ramani kabla ya safari, hasa la upande wa kabla ya Bloukrans. Kuyatumia kunakupotezea siku moja na nusu za mwisho. Hiyo ndiyo bei yote.

---

Ng'amboYaSingidani

Kuhusu chakula, kwa kifupi. Mitungi midogo ya gesi hairuhusiwi kwenye ndege, nunua huko. Nyama na mazao yana masharti mpakani, kwa hiyo zabibu kavu na karanga zetu za Dodoma zitumike kwenye mazoezi, vya safarini vinunuliwe kule. Gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku zinatosha. Usiku usiache kitu nje ya kibanda, nyani na wanyama wengine wadogo wanajua kufungua mifuko.

---

Mama_Chamwino

Jamani asanteni, nimesoma uzi wote. Kwa sisi ambao nauli ya Afrika Kusini bado, hakuna pwani ya kujifunzia hapa nyumbani? Tuna treni sasa, Dar tunafika kwa saa chache.

---

MajiMafu

Ipo mama, na kwa upande wa maji ni mwalimu mkali kuliko kule. Pwani yetu kimo cha bamvua ni mita 3 na zaidi, Unguja inafika karibu 4. Chukua 3.6 ufanye ile hesabu ya mafungu 12: fungu moja ni sentimita 30, saa ya tatu na ya nne maji yanapanda sentimita 90 kila moja. Ndiyo maana mtu anaacha viatu mchangani, akigeuka havipo. Tofauti ni mawimbi. Kwetu matumbawe ya nje yanayavunja kabla hayajafika. Kule hakuna cha kuyavunja, yanafika mzima mzima kutoka bahari kuu. Kwa hiyo hapa utajifunza saa, kule utajifunza kutazama.

Kwa Dar, miamba ya Oysterbay inatosha kwa somo la kwanza. Kwa siku nzima, Kizimkazi na Makunduchi kusini mwa Unguja. Siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo ingia chini ya miamba saa tatu, saa tano uwe umeshageuza. Mwamba wa matumbawe umeliwa chini na bahari, umebaki kama ukumbi wenye dari. Maji yakijaa hakuna pa kupandia, dari inakuzuia. Kabla ya kushuka hesabu sehemu za kutokea, na kama mbili zimeachana zaidi ya dakika 20 za kutembea, kipande hicho kipite kwa juu.

Soli nene lazima. Mwamba ule unakata kandambili kama wembe, na kwenye vidimbwi kuna urumu, viumbe wa bahari wenye miiba, na miiba ya samaki mawe. Usishike shimo usiloliona ndani.

---

Mama_Chamwino

Nimekuelewa kabisa baba. Swali la mwisho: tukiwa na watoto wa miaka 12 na 14?

---

MajiMafu

Oysterbay na Kizimkazi sawa, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, siku ya maji mafu kwanza ili waone mabadiliko madogo, bamvua safari ya pili. Wape kazi: kila mmoja achomeke kijiti ukingoni mwa maji, arudi kila baada ya dakika 15 kuchomeka kingine, kisha wapime nafasi kati ya vijiti kwa hatua. Saa mbili za kazi hiyo na wataanza wao kukuambia wewe muda wa kugeuza.